Jani Katika Mkunjo wa Suruali

Nondo alitoka Jumanne, saa moja na robo asubuhi. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, mweupe wa kung'aa, na kwenye ncha ya kila bawa alikuwa na doa moja jeusi. Katika kituo kizima ni Sajini peke yake aliyemwona, maana wenzake walikwisha kuchoka kumcheka yeye na chupa yake ya jemu. Kwa siku sita walikuwa wakimpita mezani na kumuuliza kama mahabusu wake amekula, kama ameomba wakili, kama amepata dhamana.

Sajini aliwasha taa ya mezani, akashika lenzi na kumtazama nondo akitembea juu ya jani la mlimau. Ukingo wa jani ulikuwa umekunjwa kidogo, na ndani ya mkunjo ule kulikuwa na ganda tupu la kifukofuko. Kutoka hapo mchoro wa rangi ya fedha ulirudi nyuma ukipinda na kujipinda, njia ambayo kiwavi aliichimba chini ya ngozi ya jani siku zote alizokuwa akila. Katikati ya njia ile palipita uzi mwembamba mweusi. Ni kinyesi chake, alichokiacha nyuma akiendelea na safari.

Aliijua ile njia. Alikuwa ameiona kwenye picha iliyokuzwa hadi ukubwa wa mlango, imetundikwa mahakamani mbele ya jaji, na kilichomkata maini ni kwamba picha ile aliipeleka yeye mwenyewe.

Kesho saa tatu jaji angesoma hukumu ya mtunza bustani. Mtu huyo alishtakiwa kumuua mwajiri wake, bibi kizee aliyekutwa Jumatatu alfajiri chini ya uzio wa bustani yake, amepigwa sepeto kichwani siku iliyotangulia. Mtunza bustani alidai Jumapili nzima hakukanyaga pale. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, akashinda kwa dada yake akipogoa mlimau. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba suruali aliyokuwa nayo aliifua Jumamosi na kuivaa ikiwa safi Jumapili. Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Katika mkunjo wa suruali ile, pale chini mguuni, Sajini alikuta vipande viwili vya jani kavu, kila kimoja sawa na ukucha wa kidole gumba, vyenye mchoro wa fedha.

Mtaalamu wa wadudu kutoka maabara ya mimea alikula kiapo na kueleza kwamba mchoro ule ni kazi ya nondo mmoja tu, ambaye viwavi wake hawali kitu kingine zaidi ya kichaka cha maua ya buluu. Na kichaka hicho, katika mji wote, kilikuwa kwenye uzio wa marehemu peke yake. Aliagiza mbegu zake kutoka ng'ambo miaka mingi nyuma na hakumpa mtu hata tawi la kupanda. Basi mtunza bustani alikuwa pale Jumapili, na alikuwa amedanganya. Wakili wake alimuuliza mtaalamu maswali mawili na kukaa chini.

Aliyesababisha ile chupa ikae mezani kwa Sajini, kama ukitaka kusema ukweli, ni dada wa mshtakiwa. Alikuja Jumatano iliyopita na tawi la mlimau limefungwa kwenye gazeti, akapita mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, na kulitua tawi juu ya mafaili.

"Shikamoo sikupi, umri hauruhusu," alisema. "Lakini macho unayo. Hebu tazama."

"Dada, hukumu ni wiki ijayo. Ushahidi umeshafungwa."

"Mimi ni fundi cherehani, Afande. Miaka thelathini nafuata mstari wa chaki. Mstari nikiuona mara moja, siusahau. Siku ile mlipotundika picha yenu kubwa nilijua nimeuona mahali, ila sikujua wapi. Jana naanika nguo chini ya mlimau wangu, naukuta huu hapa, jani zima. Nikajiambia, kumbe!"

"Mtaalamu alisema nondo yule hali mlimau."

"Basi huyu aliyekula mlimau wangu ni nani? Shemeji yangu?"

Askari wawili walicheka. Sajini hakucheka, lakini hakuamini pia. Ndugu wa mshtakiwa huleta kila kitu, wengine huleta ndoto. Alimwahidi kwamba atalishughulikia, maneno ambayo kituoni maana yake inajulikana. Yule mwanamke alipoondoka, Sajini alilikata jani moja lenye ukingo uliokunjwa na kulitia chupani, zaidi kwa kumwonea haya fundi cherehani kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Sasa nondo alikuwa ametoka, na alitoka kwenye mlimau.

Saa mbili na nusu alikuwa kwenye mapokezi ya maabara ya mimea, chupa mkononi. Njiani alikuwa ameshaipanga kesi nyingine kichwani. Mtaalamu yule hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa hiyo vipande alivyovipima havikuwa vile alivyotoa yeye kwenye suruali. Kuna mtu alivibadilisha, na mtu huyo alikuwa humu ndani.

Karani wa mapokezi alikuwa kijana mnene, mpole, mwenye mihuri minne iliyopangwa kwa urefu. Sajini alimwomba daftari la vielelezo la mwaka jana.

"Bahasha yangu ilifika na lakiri?"

Karani alifuata mstari kwa kidole. "Ilifika nzima. Ikafunguliwa mbele ya mashahidi wawili, hawa hapa wametia saini. Kipande kimoja kikapigwa picha, kikafungwa tena, kikaenda mahakamani. Cha pili kipo ghalani kwetu. Ndiyo kawaida."

"Nataka kukiona."

Kililetwa kikiwa kwenye bahasha ndogo. Lakiri ilikuwa nzima, na juu yake kulikuwa na alama ambayo Sajini huitia kwa siri kwenye kila bahasha yake, nukta tatu za wino pembeni mwa saini. Hakuna aliyebadilisha kitu. Sajini alihisi kama mtu aliyeegemea mlango ambao haukufungwa.

"Basi nipe fomu," alisema. "Nina nondo hapa anatakiwa kutambuliwa leo. Nataka nijue ni nani na anakula mimea gani."

Alijaza jina, namba ya kesi, tarehe, akarudisha fomu. Karani aliipitia na kuisukuma tena kwake kwa upole.

"Nafasi ya tatu umeiruka, Afande. Mmea mwenyeji, yaani ule anaoula."

"Hilo ndilo nililokuja kuuliza."

"Naelewa, lakini fomu yenye nafasi tupu siwezi kuipokea. Kompyuta hainipi namba."

"Kama sijui?"

"Andika palipookotwa. Andika chochote kinachoelekea. Watu wote huandika."

Sajini alikuwa ameshaiweka kalamu juu ya karatasi. Aliiondoa taratibu.

"Mwaka jana uliniambia maneno haya haya," alisema.

"Sikumbuki, lakini bila shaka nilikuambia. Namwambia kila mtu."

"Nitolee fomu yangu ya mwaka jana."

Ilichukua dakika kumi. Ilikuwa imetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi pamoja na ripoti ya kurasa tano. Katika nafasi ya tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe, ule mzuri anaoutumia anapokuwa na haraka ya kumaliza, palikuwa pameandikwa: kichaka cha maua ya buluu, uzio wa marehemu. Alikumbuka hata alivyokuwa amesimama siku ile, kiwiko juu ya kaunta hii hii. Maiti ilikutwa chini ya kichaka, jani likakutwa kwa mshukiwa. Lingetoka wapi kwingine?

Mtaalamu alikuwa mzee mrefu aliyevaa suti ya kijivu na kandambili. Vijana wa maabara humwita Babu Nondo, na hilo jina analipenda kuliko cheo chake. Chumba chake kilikuwa na kabati za droo nyembamba kutoka sakafuni hadi darini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kesho ndiyo kesho, nasikia."

"Ndiyo. Nina maswali machache. Mahakamani ulisema mchoro unatosha kumtambua nondo."

"Ukiujua mmea, unatosha."

"Na usipoujua mmea?"

Mzee alitabasamu, tabasamu la mwalimu aliyeulizwa swali la darasa la kwanza. Aligonga droo moja kwa kidole. Iliandikwa mpera. Akagonga ya pili, mnyanya, na ya tatu, mlimau na jamaa zake. "Hakuna kabati la nondo hapa, kuna kabati la mimea. Wachimba majani ni maelfu, wote wadogo, wote weupe weupe. Ukianza na mdudu utazeeka. Unaanza na anachokula, unafungua droo yake, unawakuta wawili watatu, unachagua. Hata vitabu vimepangwa hivyo, dunia nzima."

"Kipande changu ulijuaje kwamba ni cha kichaka cha buluu? Kilikuwa sawa na ukucha, kimekauka."

"Fomu ilisema."

"Mimi nilileta jani niambiwe ni la mmea gani."

"Hukuuliza mmea," mzee alisema, bado kwa upole. "Mmea ulinitajia wewe. Uliuliza mdudu."

"Na ulipomtaja mdudu, mwendesha mashtaka akasema: kwa kuwa mdudu ni yule, mmea ni ule."

Hapo tabasamu lilikwisha. Mzee aliichukua ile fomu, akaisoma nafasi ya tatu, akafungua ripoti yake mwenyewe na kuisoma kana kwamba imeandikwa na mtu anayemchukia. Kisha akaitazama chupa.

"Huyo ametoka kwenye nini?"

"Mlimau wa dada wa mshtakiwa. Tawi lilifika kwangu likiwa na majani yake, na jani nililikata mimi."

Babu Nondo alikata lakiri ya bahasha ndogo, akakitia kipande cha jani kwenye kisahani cha maji ya uvuguvugu na kusubiri kilainike. Sajini aliandika saa kwenye daftari lake: tatu na dakika arobaini. Kilipolainika, mzee alikikunjua kwa koleo ndogo na kukiweka juu ya kioo chenye taa chini yake. Alisogeza jicho kwenye hadubini, akakaa hivyo muda mrefu, halafu akampisha.

"Tazama nyama ya jani, usitazame mchoro. Unaona nini?"

"Nukta. Nukta nyingi zinazopitisha mwanga."

"Vifuko vya mafuta. Ndivyo vinavyotoa harufu ukilisugua jani la mlimau. Mchungwa unavyo, mndimu unavyo." Alifungua droo nyingine, akatoa jani kavu lililobandikwa kwenye karatasi, akaliweka kando ya kile kipande. "Hili ni la kichaka cha buluu, alinipa marehemu mwenyewe zamani. Sasa zitafute nukta."

Hazikuwepo. Jani lilikuwa jeusi mwanzo mwisho. Lilikuwa na mchoro pia, wa fedha, unaopinda vile vile, lakini kinyesi cha kiwavi kilikaa kwenye kingo mbili za njia kama chembe za pilipili manga. Hapakuwa na uzi wa katikati.

"Mwaka jana uzi huu wa katikati uliuona?" Sajini aliuliza.

"Niliuona."

"Ukaandika nini?"

Mzee alimgeuzia ripoti. Ukurasa wa nne, mstari wa pili kutoka chini: kinyesi kiko katikati ya njia badala ya kingoni, tofauti ndogo isiyobadili matokeo.

"Ulikuwa na jibu mkononi," Sajini alisema. Sauti ilimpanda bila yeye kutaka. "Mdudu mwenyewe alikuambia!"

"Na ukurasa wa nne ulikuwa mkononi mwako miezi kumi na moja. Uliusoma?"

Hakuusoma. Alisoma hitimisho, kwenye ukurasa wa tano, kama alivyofanya mwendesha mashtaka, kama alivyofanya yule wakili wa maswali mawili. Walitazamana juu ya taa ya hadubini, wote wawili wakiwa na hasira, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na pa kuitupia.

"Na yule wa chupani?" Sajini alisema hatimaye.

"Mchimba majani ya mlimau. Hahitaji hadubini, doa la bawa linatosha. Hula jamii ya mlimau, kichaka cha buluu hakigusi. Mtu wenu alikuwa kwa dada yake anapogoa, kama alivyosema."

"Mzee, ripoti ngapi umeziandika ukianzia na nafasi ya tatu?"

Babu Nondo alivuta karatasi yenye nembo ya maabara. Alitafuta kalamu, akaipata mfukoni mwake mwenyewe. "Niko hapa miaka ishirini na sita," alisema, na kuanza kuandika.

Aliandika nusu saa, kwa mkono, bila kujitetea hata kwa sentensi moja, na Sajini alilazimika kumheshimu kwa hilo. Alitaja vifuko vya mafuta, uzi wa katikati, nondo aliyetoka mbele ya afisa wa polisi. Akaandika kwamba utambuzi wa kwanza ulikuwa na kosa na kwamba mahakama isiutegemee. Akatia saini na muhuri. Kisha akageuza karatasi na kuonyesha mahali patupu chini.

"Hapa unaandika wewe nani aliyetaja mmea."

Sajini aliandika jina lake na namba yake ya utumishi. Mwandiko haukuwa ule mzuri.

Alimpigia simu mkuu wa kituo akiwa kwenye ngazi za maabara. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeiona ile karatasi.

"Naipeleka kwa mwendesha mashtaka sasa hivi, Afande."

"Sikukuuliza unaipeleka wapi."

"Nakala nyingine naipeleka kwa wakili wa mshtakiwa."

"Unajua unajichimbia kaburi?"

"Najua."

"Haya. Ukimaliza, njoo na maelezo yako, kurasa mbili, na usinitaje." Simu ikakatwa.

Mwendesha mashtaka aliisoma karatasi mara mbili akiwa amesimama. Alitukana, si mtu yeyote hasa, kisha akasema kwamba bila lile jani hana kesi, na kwamba kesho ataomba mashtaka yafutwe kabla jaji hajafungua mdomo. Wakili wa mshtakiwa alimshukuru Sajini kwa kumshika mkono muda mrefu mno, na macho yake hayakutulia.

Saa nane mchana alikuwa rumande. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyofungwa sakafuni kwa skrubu na viti viwili vya plastiki. Mtunza bustani aliletwa na askari magereza, akakaa, akaweka mikono juu ya meza bila kuambiwa. Ilikuwa mikono mikubwa, na udongo uliokuwa kwenye nyufa za vidole siku aliyokamatwa ulikwisha kutoka wote. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ikawa inampwaya shingoni.

Sajini alimweleza kila kitu kwa mpangilio: tawi la dada yake, nondo, fomu, nafasi ya tatu, ukurasa wa nne. Hakuruka jina lake. Alipofika kwenye mwandiko alisema, "Ni mimi niliyeandika." Kisha akasema neno ambalo kazini kwake halimo katika fomu yoyote. "Nisamehe."

Mtunza bustani alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa.

"Dada yangu anajua?"

"Nimepita kwake kabla ya kuja hapa. Alikaa chini palepale mlangoni."

"Kwa hiyo kesho natoka."

"Kesho mchana. Kama si kesho, keshokutwa."

Aliitikia kwa kichwa. Sajini alingoja afurahi, au apige kelele, au amtukane. Angeshukuru kutukanwa. Mtu yule alikuwa bado anawaza, polepole, kama mtu anayehesabu mashimo kabla ya kupanda.

"Ile nyumba nani anakaa sasa?"

"Imeuzwa. Wamekuja watu wengine."

"Na bustani?"

"Wameing'oa yote. Wamejenga ukuta."

"Vyumba vyake? Vitu vyake?"

"Sijui. Viligawiwa, nadhani."

"Majirani mliwahoji?"

"Tulikukamata asubuhi ile ile."

"Miaka kumi na tisa nilimfanyia kazi Bibi," mtunza bustani alisema. "Nilimpeleka hospitali mgongoni. Mwaka huu mzima nimekaa humu nikijiambia, mimi basi, lakini kule nje lazima wanamtafuta aliyemuua. Polisi ni wengi, hawawezi wote kukaa na mimi." Kwa mara ya kwanza aliinua uso na kumtazama. "Nani alikuwa anamtafuta, Afande?"

Kuna majibu ya kiofisi kwa swali la namna hiyo, na Sajini aliyajua yote. Aliyaacha yote.

"Hakuna," alisema. "Tulishakupata wewe."